Aliyeonekana Kwenye Jumla Tu

Kwenye chama chetu cha kuzikana, kazi yangu ni kupatana bei: jeneza, gari, mchele. Makaburini silii. Machozi yangu namtunzia muuza majeneza.

Asubuhi moja bibi mmoja alifika ofisini kwetu Utemini. Mumewe alikuwa amefariki alfajiri, nyumbani kwao Mandewa.

"Shikamoo bibi. Pole sana."

"Marahaba. Nimeshapoa. Nataka mnizikie mzee."

Katibu, aliyetengeneza mwenyewe mfumo wa wanachama kwenye kompyuta, akaandika tawi, Mandewa, kisha jina la mzee. Hakuna.

"Bibi, hamumo."

"Tumo. Tunachanga tangu tukiwa Mtinko."

Akajaribu tawi la Mtinko. Hakuna. Na asiyemo, chama hakimziki.

Nikaomba hesabu. "Wewe hata punje za chumvi unahesabu," katibu alininong'oneza. Akahesabu wanachama wote, kisha tawi kwa tawi. Jumla ikazidi matawi kwa mtu mmoja. Tukarudia. Akazidi yuleyule mmoja.

"Nionyeshe wote, usitaje tawi," nikamwambia.

Majina yakashuka. Mzee huyo hapo, na pembeni yake: Mandewa. Katibu akaita tena watu wa Mandewa. Mzee akatoweka. 

"Ndivyo alivyo," bibi akasema. "Ukimwita, haitiki."

Katibu akaeleza. Jedwali mama, lile la wanachama wote, lenyewe halina watu. Huwauliza watoto wake, yaani majedwali ya matawi. Utemini na Mandewa wamo kwenye mashine hii. Mtinko ni jedwali la kigeni: hapa kuna mlango tu, watu wenyewe wamo kwenye kompyuta ya kule. Mlangoni aliweka sharti: humu ni wa Mtinko tu. Mashine hailikagui, inaliamini. Ukiomba wa Mandewa, haipigi hodi Mtinko. Na wazee hawa walipohamia mjini, karani wa kule alibadilisha tawi lao kuwa Mandewa, jina la mzee akaliacha mlemle kwenye kompyuta ya Mtinko; ndiyo maana hata ukiomba wa Mtinko hatoki.

"Kwa hiyo yumo?" bibi akauliza.

"Yumo."

"Basi nendeni mkamnunulie sanduku."

Nilibishana na muuzaji mpaka akaanza kuniita shemeji. Tulizika jioni ileile.

Kesho yake katibu aliliondoa sharti, akaita Mandewa. Mzee akaitika mara moja, na ikabidi tumfute.

Katibu alipotoka kunywa chai, nikajitafuta kwa tawi langu. Nilikuwepo.

Nikajitafuta tena.