Shahidi Asiyerithi Kitu

Idalina Bettencourt alikuwa na miaka themanini na moja, na kwa miaka miwili mtu aliyeandikwa kuja kusimamia mali yake alikuwa marehemu.

Haikuwa siri. Yeye na mumewe Serafim waliandika hati ya amana mwaka ule walipouza ng'ombe wao wa maziwa. Ilisema nyumba na shamba la lozi nje ya mji wa Turlock vitabaki mikononi mwao maadamu wako hai, kisha mtoto wao wa pekee, Délio, atavishika na kuwagawia waliotajwa. Serafim akatangulia. Kisha Délio, ambaye hakuwa na mtoto, akaanguka kwenye banda la kukamulia alikokuwa ameajiriwa, na hakuinuka. Hati ikabaki vilevile. Uzuri wa hati ya namna hiyo ni kwamba mwenyewe anaweza kuibadilisha siku yoyote kabla hajafa, na wakili wake, Bwana Pruitt, alimwandikia barua tatu kumkumbusha.

"Nitakuja baada ya mavuno," Idalina alijibu kila mara. Lozi zikavunwa, zikachanua, zikavunwa tena.

Aliyemtoa nyumbani ni Darlene, aliyekuwa mke wa Délio. Wawili hao walikuwa wametalikiana miaka mingi kabla ya kifo, lakini Darlene alichukulia kwamba talaka ile haikumhusu mama mkwe. Kila Alhamisi alikuja kumpangia dawa zake za wiki.

"Mama, ukifa kesho," alisema Alhamisi moja, akitia vidonge kwenye vijumba vya kikasha cha dawa, "jaji ndiye atakayemteua mtu wa kugawa vyombo vyako."

"Kesho sifi. Nakwenda kutengenezwa nywele."

"Basi twende kwa wakili leo."

Wakaenda. Bwana Pruitt akaifungua hati, akaweka kidole kwenye mstari wenye jina la Délio, akauliza nani achukue nafasi hiyo. Idalina aliutazama mstari ule kwa muda mrefu, mpaka wakili akaanza kupanga kalamu zake.

"Utalifuta jina lake kwa kitu gani? Kwa wino?"

"Halifutwi, Bibi Bettencourt. Hati ya kwanza inabaki kama ilivyo. Tunaongeza ukurasa unaosema kwamba kuanzia leo msimamizi ni fulani."

"Kwa hiyo la Délio litaendelea kusomeka?"

"Litaendelea kusomeka."

"Sasa si ungesema hivyo kwenye barua!" Idalina alisema. Akatoa leso, akapenga kamasi, akairudisha mkobani. "Andika Darlene."

"Mimi?" Darlene aliruka. "Mama, mimi hata si ndugu yako tena."

"Ndiye mtu pekee aliyewahi kuniambia gauni langu la harusi ya mpwa wangu lilinifanya nifanane na kochi," Idalina alimweleza wakili. "Mtu kama huyo hawezi kuiba. Hana adabu ya kutosha."

Ukurasa ukachapwa. Akaitwa karani wa ofisi, aliyekuwa na muhuri wa kuthibitisha saini, naye akaomba kitambulisho. Idalina akampa leseni ya udereva. Ilikuwa imekwisha muda miaka tisa iliyopita.

"Hii siwezi kuipokea, Bibi. Huwa unafikaje kanisani?"

"Polepole."

Kitambulisho kipya kingechukua wiki kadhaa, na Idalina alijijua: akirudi nyumbani bila kutia saini, hatatoka tena. Karani akasema sheria inaruhusu njia nyingine. Waje watu wawili wanaomfahamu, wenye vitambulisho vyao, waape kwamba huyu ndiye Idalina Bettencourt. Sharti ni kwamba wasiwe wanaonufaika na hati hiyo.

"Padri," Idalina alipendekeza.

Bwana Pruitt akafunua kurasa. "Parokia inapata paa la ukumbi."

"Jirani yangu Lúcia."

"Friza, na kila kilichomo."

"Anayenitengeneza nywele?"

"Cherehani."

Ikaonekana kwamba katika miaka sitini ya kuishi pale Idalina alikuwa amemwachia kitu karibu kila mtu aliyemjua. Darlene akakohoa.

"Kuna Hortênsia Avila."

Hortênsia na Idalina walikuwa hawasemeshani kwa miaka kumi na tisa. Ugomvi ulianzia jikoni kwenye sikukuu ya Roho Mtakatifu, juu ya kiasi cha mnanaa kinachostahili kuwekwa kwenye nyama, na maneno yaliyotoka siku ile hayakuwa ya kanisani. Darlene akapiga simu. Baada ya nusu saa Hortênsia akaingia, amevaa viatu vya kwendea misa, akimvuta mumewe Eliseu, ambaye hakuwa akisikia vizuri.

"Mnamfahamu huyu?" karani akauliza.

"Kwa bahati mbaya," Hortênsia akasema.

"Kuna chochote mtakachopata kutokana na hati hii?"

"Kutoka kwa huyu? Hata jani la mnanaa hawezi kuniachia. Eliseu, apa!"

"Nini?"

"Apa kwamba ni Idalina!"

"Nani mwingine angekuwa?" Eliseu akasema, akainua mkono.

Wakatia saini. Idalina akatia yake, na muhuri ukagongwa. Hapo Hortênsia, badala ya kuondoka, akabaki amesimama, mkoba kifuani.

"Nilikuja kwenye mazishi ya Délio," alisema. "Nilikaa benchi la nyuma kabisa. Nikatoka kabla hujageuka."

Idalina alikuwa akifunga kifuniko cha kalamu. Kilimshinda. Hortênsia akaichukua, akaifunga yeye.

"Nilidhani hukuja," Idalina akasema. "Nilikukasirikia sana."

"Najua. Nami nilikasirika, kwamba hukujua nilikuja."

Walikunywa kahawa siku ile, na Jumanne zilizofuata, wakibishana juu ya mnanaa kwa sauti iliyomfikia hata Eliseu. Tangu hapo Idalina amebadilisha hati yake mara mbili, na leseni bado hajaihuisha. Darlene alipomuuliza kwa nini rafiki wa namna hiyo hajaachiwa hata sahani, Idalina alimtazama kama mtu asiyeelewa sheria.

"Nikimwachia kitu," alisema, "nani atakuja kuniapia?"