Kuku wa Wageni

Mume wangu alilala akiwa mtu wa kubeba gunia la mahindi begani, akaamka mtu wa kulishwa kwa kijiko. Kiharusi, walisema hospitalini. Nilifunga kibanda changu cha mitumba katika soko la Kakamega, nikakaa nyumbani Khayega kumgeuza, kumwosha na kumfulia. Mwanzoni watu walijaa uani. Baadaye kila mmoja akarudi kwa shughuli zake, na sikuwalaumu. Basi, niliwalaumu kidogo.

Kisha kikundi cha akina mama wa hapa kwetu kikatuma ujumbe kwamba kinakuja kutuona. Ni wanawake wa kawaida, wauza mboga, mafundi wa cherehani, walimu wa chekechea. Kila mmoja hutoa anachoweza, kisha Jumamosi vitu vinapakiwa kwenye bodaboda mpaka kwa mtu aliyelemewa. Nilijua wangeleta unga, maharagwe na sabuni. Nilijua pia kwamba jikoni kwangu hakukuwa na kitu cha kuwaandalia. Basi nikamkamata kuku wangu wa mwisho, yule aliyekuwa akitaga, nikamchinja.

Mtu wa kwetu haulizi kwa nini. Mgeni akiingia na kutoka bila kula, anayeaibika ni mwenye nyumba, na mgeni wa heshima hapikiwi sukuma wiki. Anapikiwa ingokho, kuku wa kienyeji, na obusuma, ugali wa kushiba. Kwa hiyo watu waliokuja kunisaidia nipate chakula walikula kuku wangu, wakaimba, wakaomba, wakaenda zao. Asubuhi yake nilimpelekea mume wangu uji, naye akawa anaangalia mkono wangu wa pili, akitafuta yai lake. Nilikasirika mpaka nikalia. Niliwakasirikia wao kwa kula, na nikajikasirikia mimi kwa kupika.

Mambo yalipotulia nilianza kurudi sokoni nusu siku, nikajiunga na kikundi. Sisemi yalipokuwa mazuri, maana mpaka leo namwosha mume wangu kabla ya kuosha uso wangu. Nasema yalipotulia. Katika mkutano wangu wa kwanza nilisimama nikasema: tukienda kwa watu, tusile. Hata chai tusinywe. Mwenyekiti wetu, mama mnene mwenye roho safi na hamu safi ya chakula, alinitazama kama mtu aliyeambiwa aache kupumua. Lakini walikubali, nami nikarudi nyumbani nikijiona mtu wa maana sana.

Jumamosi moja ya mvua tukaenda kwa mama mmoja mzee, kule ndani upande wa msituni. Binti yake alikuwa amefariki na kumwachia wajukuu wadogo, na tuliambiwa siku nyingine walilalia uji mtupu. Pikipiki zilishindwa na matope, tukabeba vitu kichwani kupanda kilima. Mgongo uliniuma. Tangu alfajiri nilikuwa nimegeuza mgonjwa, nimefua mashuka na kuuza nguo, na ukweli ni kwamba sikuwa na huruma yoyote iliyobaki. Nilitaka tuombe haraka nikalale.

Sebule ilikuwa imefagiwa, na vitambaa vya viti vilikuwa bado na unyevu wa kufuliwa. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya kuku.

"Kukhu," mwenyekiti akamwambia kwa upole, akimwita bibi kama tunavyowaita wazee wetu, "sisi siku hizi hatukulangi kwa watu. Tumekuja tu kukusalimia na kukuombea."

Yule mama alijifuta mikono kwa leso.

"Hamkulangi kwa watu," akauliza, "ama hamkulangi kwa maskini?"

Mwenyekiti akanigeukia. Wote wakanigeukia.

"Ni sheria yetu, kukhu," nikasema. "Hatutaki kukuongezea mzigo."

"Mzigo ni huo mmeleta. Bebeni mwende nao."

Hakupiga kelele. Aliinama, akauinua mfuko wa unga mwenyewe, akautoa hadi barazani ambako manyunyu yalikuwa yakiingia, akauweka chini na sabuni juu yake. Wajukuu walikuwa wamesimama kwenye mlango wa jikoni. Waliutazama ule unga ukitoka nje.

Hasira ilinipanda. Mama huyu anaringa na watoto wana njaa, nikajiambia. Halafu nikamwona anavyohema pale mlangoni, kidevu juu, na nikaijua ile hali. Siku wale wanawake walipokula kwangu, nililia kesho yake, ni kweli. Lakini kwa muda waliokuwa mezani sikuwa mke wa mgonjwa. Nilikuwa mwenye nyumba, nina wageni, nawaambia karibuni. Mwezi ule wote sikupata saa nyingine kama ile, na ndiyo niliyokuja kumnyima mwenzangu kwa sheria.

Nilitoka, nikaurudisha mfuko ndani, nikauegemeza ukutani, nikaketi.

"Kukhu, naomba maji ya kunawa."

"Na sheria?" mwenyekiti akaninong'oneza.

"Sheria niliitunga mimi. Nawa mikono."

Chakula kililetwa. Katika bakuli langu alikuwa ameniwekea kichala cha mayai machanga, yale madogo ya manjano ambayo kuku hajayataga bado. Kwa hiyo na kuku huyu alikuwa wa kutaga. Nilitamani kuwaita wale watoto niwagawie, lakini katika nyumba ile wageni walikuwa wanakula kwanza, na nyumba haikuwa yangu. Nikayala yote. Yalikuwa matamu.

Obusuma ikaisha. Nilikuwa nimeshiba mpaka kooni.

"Kukhu," nikasema, "tuongeze."

Mwenyekiti alinifinya paja. Mama mzee akanitazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Eee! Kumbe hawa watu wanakulanga!"

Akaenda jikoni. Tukasikia kifuniko cha debe la unga kikifunguliwa, kisha kimya, kisha kikifungwa. Akarudi sebuleni bila kututazama, akapiga magoti ukutani, akafungua mfuko wetu na kujaza sahani unga mpaka ukamwagika.

"Ongezeni maji kwa sufuria," akawaita wajukuu. "Yawe mengi. Na nyinyi mnakula."