Plagi Aliyoiachia

Fundi wa kompyuta wa zahanati yetu ya milimani, kaskazini mwa Albania, kila aliposikia ngurumo ya kwanza ng'ambo ya bonde, alipita chumba kwa chumba akichomoa plagi na nyaya za mtandao, akizikunja kiwikoni kama nyuzi za sufu. Kila Ijumaa alikwenda na nakala ya mafaili nyumbani, kwenye mfuko wa mkate. Muuguzi Nerimane alizoea kumtania: "Fundi, hata birika langu la kahawa?" Naye hujibu kwa sauti yake ya chini, "Hilo kwanza."

Alasiri moja ya Juni, ngurumo zikisogea, aliingia chumba cha wajawazito, akaishika plagi ya altrasaundi, akasita. Daktari Luljeta, akiutafuta moyo wa mtoto, alikuwa akipitisha kifaa juu ya tumbo la mama aliyekuwa akilia kimyakimya. Waya wa mashine ile ulikwenda moja kwa moja hadi kompyuta kuu. Nerimane aliuona mkono wa fundi ukiiachia plagi.

"Upo," daktari alisema. "Unadunda."

Mwanga mweupe wa radi ukajaa chumbani, kishindo kikawaziba masikio, kioo cha mashine kikazimika, na harufu ya plastiki iliyoungua ikatanda. Kompyuta kuu ilikufa papo hapo, na kazi yote ya tangu Ijumaa ikapotea. Nerimane alijikuta amemkumbatia yule mama.

"Ulikuwa umeshaishika plagi, fundi," daktari alisema. "Mbona hukuichomoa?"

Fundi aliutazama mkono wake. "Ulikuwa hujaupata moyo, daktari."