Wireframe yenye sura mbaya ndiyo iliyowafungua mdomo akina mama wa Mbugani

Wakuu, salamu kutoka Kyela. Naandika nina hasira na mtoto yuko mgongoni, mtanivumilia ukali. Uongo hamtaukuta humu.

Elimu yangu form four. Mimi na Deo, developer aliyehamia huku, tunatengeneza app ya akina mama wa Mbugani wanaopeleka mchele mpakani Kasumulu. Unabonyeza, gari moja linapita kwenu na kwa wenzako kukusanya magunia. Basi.

Deo akachora screen kwa tool ya kisasa ya kwenye laptop. Rangi, vivuli, picha za mchele. Nzuri, sikatai.

Akina mama walipoonyeshwa, wote "ndaga, ndaga fijo". Kwetu hiyo ni asante sana. Walipoambiwa wajaribu kujiandikisha, wakafika katikati, wakarudisha simu. Ndaga tena.

Deo akaniambia, "Mama Tusa, hawa hawajui teknolojia. Tuwaache, tuwatengenezee matajiri wa mpakani."

Nilichemka. Hao anaosema hawajui ndio ninaouza nao mchele, na kutuma hela kwa simu wanatuma hata wakiwa wamefumba macho. Nikamwambia anipe nafasi moja kabla hajaandika code, maana akishaianza ya matajiri, sisi ndiyo basi.

Nikatafuta tool nyingine. Ikae kwenye simu yangu, ifanye kazi bila bando.

Wakuu, niliyoipata naipenda mpaka leo. Inachora wireframe, yaani mifupa mitupu ya screen. Mistari imepinda kama mtoto kachora kwa mkaa. Rangi hakuna. Kitu usichokitaka unakiburuta kwa kidole, kinatoka. Nikachora humo screen zile zile za Deo, kisanduku kwa kisanduku.

Deo akauliza, "Hii ya chekechea?"

Nikamwambia ndiyo, kaa pembeni.

Nikampa simu Mama Gwamaka, mwenzetu, tukiwa tunapeta mchele. Akacheka. "Wewe, hii umechora huku unanyonyesha?"

Halafu akaweka kidole kwenye kisanduku cha "Gari lije kwa nani?"

"Hiki toa. Naishi kwa baba mkwe. Nitaje jina lake kwa sababu ya gunia?"

Mwingine akadakia, "Hata mimi niliishia hapo hapo."

Kwa msiojua, kwa Wanyakyusa mke hataji jina la baba mkwe. Wapo walioacha, wapo wanaoshika sana. Mimi nimepanga chumba, siishi kwa wakwe, kisanduku hicho hakikuwahi kunigusa. Deo ndiyo kabisa.

Mama Gwamaka akakiburuta mwenyewe, akaandika "Alama ya karibu", chini yake "nyuma ya mashine ya kukoboa". Yule asiyejua teknolojia.

Deo akavuta ndoo, akaikalia. "Mama, na screen inayofuata kuna cha kutoa?"

"Kipo. Sogea."

Sasa hivi anaandika code, na ni ya akina mama hao hao.

Nilichojifunza: mwanzoni usichague tool ya kupendezesha, chagua ambayo mtu haoni vibaya kukuharibia mchoro. Kizuri watu wanakishukuru tu na kuondoka.

Jina la tool sitaji, nisije nikaitwa dalali. Mnaotumia nyingine za offline, zitajeni. Na kama kwenu kuna jambo mtu haulizwi, liandikeni hapa chini, nisije nikaweka kisanduku kingine cha kufukuza watu.