Kidole Gumba Chini ya Utepe

Nakumbuka siku moja iliyonijia masikioni kabla haijanijia machoni. Nilikuwa kwenye ujia wa nyumba za kupanga kule Kawangware, mkono umeinuka tayari kubisha hodi, nikasikia sufuria ikianguka ndani. Ilizunguka juu ya saruji, ikazunguka tena, ikatulia. Kisha kikaanguka kitu kingine, kizito zaidi, ambacho hakikutoa mlio wa chuma. Nilijua ni mtu, mwanangu, na nilijua ni nani. Na kabla sijaingia nilijua pia ni nani aliyemwangusha.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, kwa maana jambo hili ukilisikia kuanzia hapo utanihurumia, na mimi sitaki unihurumie.

Nilikuwa bado msichana, kwa jinsi ninavyoyaona mambo leo, ingawa nilikuwa na mume na watoto, na karai langu la mandazi pale Kambi Muru. Miaka ile ya tisini Kibera ilinijua kwa mandazi. Aliyeanguka alikuwa Rispa, dada wa mume wangu, wifi yangu. Aliishi Kawangware, na kila Jumamosi alikuja Soko la Toi, karibu na kwetu, kuchagua mitumba ya watoto ya kwenda kuuza kwao. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kicheko kilichomtangulia njiani. Ukisikia watu wanacheka kule mbele, ulijua Rispa amefika.

Mama yao alianguka shambani akipalilia, upande mmoja wa mwili ukafa, akalala hivyo mpaka akafariki. Kwa hiyo siku sista wa zahanati ya Kawangware alipomfunga Rispa mkononi ule mkanda wa kupimia presha, akaujaza upepo na kutikisa kichwa, Rispa hakusikia neno presha. Alisikia jembe la mama yake likianguka.

Sista alimwambia kwa upole. Apunguze kipande cha ugali, aongeze mboga, aachane na sukari, atembee. Asifanye kwa fujo. Na kwa kuwa si kila mtu ana mizani nyumbani, apime kiuno mara moja kwa wiki. Kikipungua polepole, vizuri. Kikikataa, arudi wazungumze habari ya vidonge.

Mizani ilikuwepo, usidhani haikuwepo. Kando ya Barabara ya Ngong alikaa mzee mmoja na mizani yake chini, unampa sarafu, unapanda, mshale unazunguka mbele ya kila mpita njia. Rispa hakutaka kabisa. Wewe hukuwepo miaka ile, mwanangu. Mtu akianza kukonda, watu walishusha sauti. Walisema ana ule ugonjwa, bila hata kuutaja jina, na kesho yake hakuna mteja aliyegusa nguo zake. Ndiyo maana kupimana kwetu kulifanyika chumbani kwangu, nyuma ya pazia, kwa utepe wa fundi wa nguo. Namba zilionekana kwangu tu, kwa sababu nilisimama nyuma yake. Alinipa mgongo na kungoja nimwambie.

Wiki za kwanza nilimpima kwa haki. Nilipomwambia, "Wifi, umeshuka inchi nzima," alikata kiuno humo chumbani mpaka vikombe vikagongana kabatini. Nami nikasema nitapunguza pia, tuwe wawili. Nilitamani gauni fulani la kitenge nililoolewa nalo, ambalo halikunipita tena mabegani. Lakini mandazi, mwanangu, lazima uonje. La kwanza unaonja kama sukari imekolea, la pili unaonja kama limeiva. Kiuno changu hakikusonga. Basi mimi nilijipima mwenyewe. Nilimwambia Rispa, "Mimi natekenyeka haraka, wacha nijipime." Nilivuta pumzi tumbo likaingia ndani, nikaukaza utepe hadi ukaacha alama, nikatangaza namba nzuri.

Hakuamini. Macho alikuwa nayo. Jumamosi moja alinikuta pale kwenye karai, wateja wamejaa, akanishika kiunoni kwa mikono miwili, akapaza sauti:

"Muoneni wifi yangu! Mimi napungua, yeye anaokota inchi zangu zote. Hazipotei, jameni, ziko tu kwa familia!"

Watu walicheka. Fundi viatu wa jirani alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Nilicheka pia, kicheko cha meno, huku nikigeuza mandazi ambayo hayakuhitaji kugeuzwa. Rispa hakuwa na ubaya. Alitania kama wifi anavyotania wifi. Lakini mimi niliyabeba maneno yale nikaingia nayo nyuma ya pazia, na nilipomzungushia utepe, kidole changu gumba kikabaki chini yake.

Sikupanga. Ningependa kukuambia kwamba niliteleza. Ila kidole kilipokuwa pale nilikiona, na nikakiacha.

"Bado, wifi," nikasema. "Uko palepale."

"Ati palepale? Na vile nimejinyima?"

"Tepu ndiyo inasema, si mimi."

Alikaa kitandani akanyamaza, yeye ambaye hakujua kunyamaza. Na moyo wangu, mwanangu, ulipata utamu. Utamu huo ndio unaonifanya hadi leo nisipende kutazama vidole vyangu.

Uongo wa namna hii una taabu yake. Mtu halisi anaendelea kupungua, nawe lazima umshikilie palepale. Kidole kimoja hakikutosha tena, vikawa viwili. Vidole viwili havikutosha, nikaikunja shimizi yake kiunoni nikapima juu ya mkunjo, nikijidai natafuta kitovu. Siku moja akageuka.

"Lakini wifi, mbona sketi inaanguka? Leo nimeishika na pini."

"Mpira umelegea," nikamwambia. "Si ni ya mitumba?"

Yeye, muuza mitumba, aliyejua mpira wa sketi kuliko mimi, akaniamini. Hakuamini mwili wake, akaniamini mimi.

Akazidi kujinyima. Kwanza ugali ulitoweka kwenye sahani yake. Kisha chakula cha jioni. Kisha nikasikia kwamba anashinda na chai kavu na majani machache ya sukuma. Pale Toi nilimwona akikalia mafurushi ya nguo badala ya kuinama kuchagua, kijasho chembamba juu ya mdomo, mikono ikitetemeka akihesabu vifungo vya shati la mtoto. Kicheko chake hakikumtangulia tena njiani. Niliona yote hayo, mwanangu. Usinifanyie hisani ya kusema sikujua. Kila Jumamosi nilijiambia leo nitapima sawasawa, na kila Jumamosi niliwaza: nikimwambia leo kwamba ameshuka ghafla hivi, ataelewa. Aibu ndogo niliyoiogopa ilizidi kunenepa.

Ndipo nikaenda Kawangware kumwona katikati ya wiki, kwa kuwa usingizi ulikuwa umenikataa. Ndipo nikasikia ile sufuria.

Nilimkuta chini, uso umepauka kama unga, sukuma zimetapakaa juu ya mkono wake. Nilipiga kelele, majirani wakaja, tukambeba hadi zahanati. Mwendo wote nilishika miguu yake, na ilikuwa miepesi. Uzito ule mdogo uliniambia ukweli wote ambao nilikuwa nikiukunja ndani ya shimizi.

Sista alimpa maji ya sukari, akamlaza, akangoja arudiwe na rangi. Kisha akachukua utepe wake. Aliinua nguo mpaka ngozi ikaonekana, akauzungusha usawa wa kitovu, akamwambia, "Toa pumzi, mama, usiikaze." Akasoma. Akasoma tena.

"Mama, nilikuambia pole pole. Hii umepungua kupita kiasi. Unakula kweli?"

"Lakini mimi sijapungua, sista," Rispa akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Nimekwama."

"Nani anakupima?"

Rispa aligeuza kichwa juu ya mto, akanitazama. Alitazama uso wangu, kisha mikono yangu niliyokuwa nimeificha ndani ya leso. Niliona ukweli ukiingia machoni mwake taratibu.

"Tunapimana tu huko nyumbani," akamjibu sista. "Labda tepu yetu ni mbaya."

Angenitaja ingekuwa nafuu. Alinifunika mbele ya mgeni, akiwa amelala, na mimi niliyesimama wima nikashindwa kufungua kinywa.

Alipopata nguvu alikuja Kambi Muru, si Jumamosi. Mume wangu alikuwa kazini. Aliingia bila utani, akauomba utepe. Nilidhani anataka nimpime. Akasema, "Simama, wifi. Leo ni wewe."

Alinipima kama sista alivyompima, ngozi tupu, usawa wa kitovu, pumzi nje. Sikutekenyeka hata kidogo. Akanisomea namba yangu. Ilikuwa kubwa kuliko siku tulipoanza. Nilingoja acheke. Ningetoa karai langu na mafuta yake ili acheke.

"Hii ndiyo ulikuwa unaificha?" akaniuliza. "Hii tu? Ningekucheka kidogo, halafu tungekunywa chai."

"Nisamehe, Rispa."

"Nilikuwa naogopa kufa kama mama, wifi. Na wewe ulijua."

Sasa, mwanangu, nisikilize kabla sijamaliza. Ukiamua kupunguza mwili, pima. Usikisie, usitegemee macho ya watu wala minong'ono yao. Pima asubuhi kabla hujala, juu ya ngozi, mahali palepale kila wiki, utepe ukilala bila kubana, pumzi ikiwa imetoka. Iandike namba iliyokuja, hata kama siyo uliyoitamani. Isiposhuka wiki hii, usiuadhibu mwili kwa njaa. Rudi kwa aliyekushauri umuulize. Sketi ikianguka na utepe ukasema haujasonga, usiipuuze sketi. Na ukisimama nyuma ya mgongo wa mtu kumpima, ujue amekuazima macho yake. Akikutania, mjibu kwa mdomo au umnunie, lakini vidole vyako vitoe hapo. Mungu akupe mwili wenye nguvu na moyo usioona uchungu mwenzako anapofanikiwa. Akupe wifi kama niliyepewa mimi, na akili ya kumtunza ambayo mimi sikuwa nayo.

Niliteleka maji ya chai siku ile, haraka haraka, nikatoa vikombe viwili. Rispa aliukunja utepe, akautia kwenye mkoba wake.

"Nitakuwa nikijipima mwenyewe," akasema. "Salimia kaka yangu."

Maji yalikuwa hayajachemka. Alitoka, akauvuta mlango wa mabati nyuma yake polepole, bila kishindo, kama mtu anayemwacha mgonjwa amelala ndani.