Kitenzi Kwenye Soli za Viatu

Mume wangu ni fundi viatu, na mwaka wa tatu sasa anasomea uchungaji. Mtihani wa Kigiriki cha kale umeshamwangusha mara mbili. Safari hii akianguka, chuo kinamfuta.

Kinachomtesa ni kitenzi kimoja, luo, maana yake nafungua. Kina sura sita: luo, nafungua; luso, nitafungua; elusa, nilifungua; leluka, nimefungua; lelumai, nimefunguliwa; eluthen, nilifunguliwa. Kwenye meza yake ya kazi daftari halina pa kukaa, kwa hiyo kila sura aliiandika kwa chaki kwenye soli ya kiatu kinachosubiri mwenyewe, akavipanga kwenye rafu. Anashona, midomo inamcheza.

Mchana mmoja nilimpelekea chakula, Kibonge wetu mgongoni, nikamkuta mteja amegeuza kiatu chake.

"Fundi, leluka ndiyo nini?"

"Futa tu, kaka."

"Nisije nikafuta dawa. Viatu hivi vina mkosi, mke wangu kasema."

Akaondoka navyo. Mume wangu akaanza: luo, luso, elusa... akakwama. Alikuwa akitazama pengo kwenye rafu, macho mekundu kwa uchovu. Hapo nikaelewa kwamba hakukariri kitenzi, alikariri rafu.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini maneno yale nimeyasikia nikiosha vyombo, nikinyonyesha. Nikavivuruga viatu vilivyobaki. Nikainua kimoja, soli nimeielekeza kwangu.

"Nilifunguliwa?"

"Mama Kibonge, nimechoka."

"Najua. Nilifunguliwa?"

"Eluthen."

"Nimefungua?"

Akageukia pengo kwenye rafu. Mtoto akalia, nikambembeleza, nikauliza tena. Tulifanya hivyo kila mchana kwa wiki mbili, yeye akisinzia na sindano mkononi.

Siku ya mtihani alirudi saa tisa alasiri, akaketi mlangoni bila kuvua viatu.

"Walianzia wapi?"

"Katikati. Lelumai."

"Ukasemaje?"

"Nimefunguliwa. Mwalimu akaniuliza na mengine, ovyo ovyo, kama wewe tu."

"Kwa hiyo?"

"Nimepita." Alisema kama mtu anayetaja maumivu ya mgongo. "Muhula ujao kuna vitenzi arobaini."

Nikainama kumfungua kamba. Kufika kiatu cha pili, alikuwa ameshalala, kichwa kimeegemea fremu ya mlango, na Kibonge anamvuta tai.