Mtu wa Nta Jarubani

Kwa wiki tatu sikupata usingizi mzuri kwa sababu ya goti. Lilikuwa goti la nta, dogo kuliko ndimu, nami sikujua kama limekunjwa sawasawa.

Nilikuwa nimefinyanga mtu anayecheza taichi, mchezo wa Kichina wa kupigana unaochezwa taratibu, kama mtu anayesukuma maji. Chuoni Dar, mwalimu mmoja mwanamke kutoka China alitufundisha asubuhi kwenye nyasi. Alivyosogea, nilisahau kupumua. Niliporudi Kibiti na shahada ya sanaa, bila kazi, nilitaka kuutia mwendo ule ndani ya shaba nyeusi.

Shaba nilikuwa nayo: pangaboi la boti kuukuu la mjomba, la kutosha sanamu moja tu. Fundi wa Ikwiriri anayeyeyusha shaba na kumimina bushi, vile vipete vya ndani ya mashine za kukoboa mpunga, alikubali kunisaidia. Alinieleza kwamba nta hufunikwa kwa udongo na pumba, ikachomwa, ikayeyuka na kutoka, kisha shaba ikaingia mahali pake. Nta hairudi tena. Tanuru angeliwasha Jumamosi, kisha angekwenda shambani kwake msimu mzima.

Nikaanza kurekebisha. Nikigusa goti, kiuno kinapinda. Nikinyoosha kiuno, goti linaniudhi upya.

Alhamisi nilimfuata bibi, mama yake mama yangu, shambani bondeni alikokuwa akipalilia mpunga. Sanamu niliibeba kwenye ndoo ya maji isilainishwe na jua. Bibi, ambaye kwa utani huniita mume wake, aliitazama kwa muda mrefu.

"Mume wangu, mtu wako anaanguka."

Nilimweleza kuwa ndivyo Wachina wanavyosimama.

"Kwani Wachina hawana tope?"

Akashuka jarubani, kwenye kipande cha mpunga kilichojaa maji, tope likamfika magotini. Aliuweka mguu mbele ukiwa mtupu, bila uzito, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Akangoja. Kiuno kikageuka, uzito ukahama wote, na mguu wa nyuma ukachomoka bila sauti. Mikono yake ilielea pembeni. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwona akitembea hivyo, na sikuwahi kumtazama.

"Ukiharakisha kuujaza mguu, tope linakula," alisema.

Mguu uliojaa, mguu mtupu: mwalimu wetu aliyarudia maneno hayo mpaka tukamcheka. Hajawahi kufika Rufiji, na bibi hajui China iko upande gani. Nilibaki kwenye tuta kama mtu aliyeingia msikitini akakuta wote wamesujudu.

Nilipoitazama tena sanamu, niliona kosa halikuwa goti. Nilikuwa nimeigawia miguu yote miwili uzito sawa. Kusahihisha kulitaka niukate mguu mmoja kuanzia nyongani, siku mbili kabla ya tanuru, na ukiharibika nisingekuwa na chochote cha kumpelekea fundi.

"Nikiukata mguu huu ukavunjika je?" nilimuuliza bibi.

"Si umemtengeneza wewe?" alijibu, akaendelea kupalilia.

Nilikaa nikihesabu vitu vinavyoweza kuharibika mpaka vikaanza kujirudia. Kisha nikaomba kisu chake cha kuvunia, nikakipasha kwenye makaa chini ya dungu, kibanda chake cha kuamia ndege, nikaukata mguu. Nta ilikatika kama siagi. Nikaufinyanga upya, nikimtazama yeye akitembea.

Jumamosi nilimkabidhi fundi sanamu yangu. Ilipokwisha kufunikwa udongo na kukaushwa, nilimwomba ukuni wa kwanza wa tanuru niutie mimi, nikautia.